Nyumba Niliyomwonyesha Mzee Nassor

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata barua ya ajira ya ukarani katika kituo cha mambo ya kale, Kilwa Masoko, na kichwani mwangu karani alikuwa mtu wa meza, taipureta na muhuri. Mama aliamka alfajiri akanisuka upya. Nilipofika ofisini, mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Bwana Mhifadhi, alinitazama kuanzia kichwani akateremka mpaka miguuni, akakomea hapo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Somoe."

"Somoe, unakwenda arusini?"

Nikarudisha mguu mmoja nyuma ya mwingine.

"Nenda sokoni ukanunue kandambili," akasema. "Tunavuka."

Tulivuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, na asubuhi ile nzima hakunieleza kitu. Tulipita Gereza, ile ngome ya zamani ya ufukweni, tukaingia Msikiti Mkuu, tukazunguka kuta za Makutani, kisha tukashika njia ya mashambani mpaka Husuni Kubwa, kule juu jumba la sultani linapoitazama bahari. Nilichoka, jua lilikuwa kali, kandambili zilinikata katikati ya vidole. Tuliporudi ufukweni ndipo aliponiuliza, "Umeona nini?"

"Nimeona magofu, mzee."

"Magofu hata mbuzi anayaona. Kesho tutarudi."

Tukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku swali lilikuwa lile lile na jibu langu halikumtosha. Siku ya nne niliona kitu nilichokuwa nimekipita mara tatu: kwenye ukuta mmoja, chini kidogo ya usawa wa kifua changu, palikuwa na alama za vidole vinne ndani ya chokaa. Fundi aliyekuwa akipiga lipu aliegemea pale kabla haijakauka. Mkono wake ulikuwa mdogo kama wangu. Nilipomwambia Bwana Mhifadhi, hakunisifu. Alisema tu, "Sasa nenda kanunue daftari."

Ndivyo nilivyoanza. Niliajiriwa karani, lakini kazi niliyoifanya maisha yangu yote ni ya kuongoza wageni.

Nawaandikia vijana ambao leo mnafanya kazi hii mkiwa na simu mkononi, ili mjue ilivyokuwa. Mgeni yeyote alianzia kwetu ofisini. Nilimwandikia kibali, yaani karatasi ya ruhusa ya kuvuka, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga magofu bila hiyo. Kisha jina lake likaingia kwenye daftari la wageni: anakotoka, siku atakazokaa, na safu ya mwisho ya maoni, ambamo wengi waliandika "pazuri" wakaondoka zao. Bwana Mhifadhi hakulipenda neno hilo. Alikuwa akisema kwamba mgeni akiandika "pazuri" maana yake hatukumwonyesha kitu.

Kazi ilikuwa na maneno yake, nami niliyajifunza moja moja kwa kuyagusa. Matumbawe ni mawe ya baharini, mepesi na laini yakitolewa mabichi, magumu yakishakauka, na ndiyo yaliyoujenga mji mzima. Ukiyachoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la magogo unapata chokaa, ambayo hulazwa shimoni muda mrefu mpaka iwe laini kama samli. Mihrabu ni kile kijumba ndani ya ukuta wa msikiti kinachoelekea kibla, anaposimama imamu. Boriti ni miti ya mikoko iliyobeba dari, na kwa kuwa mkoko haukui kwa ridhaa ya mtu, ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Hili la mwisho lilikuwa likiwafurahisha wageni kuliko habari zote za masultani.

Na kuna mambo ambayo hayana jina. Mwongoza wageni hatembei kwa mwendo wake, hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Haelezi kitu wakati watu bado wanahema. Akisimama kueleza, husimama mahali ambapo jua litampiga yeye usoni, wageni liwapige mgongoni. Na akifika mahali penye kuzungumza penyewe, kama lile birika la pembe nane la Husuni Kubwa, hunyamaza. Bwana Mhifadhi alinifundisha hayo yote kwa kunikosoa mbele ya watu, jambo lililoniuma, lakini sijalisahau hata moja.

Lililo kubwa kuliko yote alinifundisha ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa nimemwambia mgeni kwamba kaburi fulani ni la malkia. Hakuna aliyejua ni la nani. Nilisema tu kwa sababu mgeni aliuliza kwa hamu, nami nikaona aibu kumrudisha mikono mitupu.

"Somoe," akasema, "usichokijua, sema hukijui. Ujinga wako mgeni atausamehe. Uongo wako anaondoka nao. Utampata wapi tena umrekebishe?"

Zamani hizo wageni wa kutoka humu nchini walikuwa wachache. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa ilikuwa safari ya kuagana na watu. Mnafika Rufiji mnasubiri pantoni, na masika yakikolea mnaweza kulala njiani, mkasukuma basi kwenye tope mpaka nguo zote zikawa rangi moja. Nani angekuja huku kupumzika? Walikuja wataalamu wa kuchimba, wanafunzi, na Wazungu wenye siku nyingi. Daraja lilipojengwa na lami ikafika, mambo yaligeuka. Walimu, wauguzi, watu wa benki, maarusi waliofunga ndoa juzi, wote wakaanza kuja kupunga upepo. Ijumaa mchana wanatoka Dar, Jumamosi tunavuka Kisiwani, Jumapili asubuhi wanaoga ufukweni Jimbizi, adhuhuri wako barabarani.

Wengine walituchekesha. Nakumbuka bwana mmoja aliyevuka amevaa suti kwa sababu mkewe alitaka picha. Lakini niliwapenda wageni hao kuliko wote. Mzungu alikuja kuona kitu cha wengine. Mtu wa Ilala au Mbagala alikuwa akisimama ndani ya Msikiti Mkuu, anatazama kuba, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Hivi hawa walikuwa wanasema Kiswahili?" Nikimjibu kwamba nasaba zao nyingi ziko hapa hapa, hunyamaza, na mimi hujua siku yangu imekwisha vizuri. Nikiulizwa leo ninachokikumbuka zaidi kazini, ni sura hizo.

Nilipokuwa nimekaa kituoni miaka zaidi ya ishirini, Bwana Mhifadhi aliniita. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu.

"Wageni wanaipita Kilwa Kivinje kama kituo cha basi," akasema. "Wanaona kibao pale njia panda, Nangurukuru, wanashika njia ya Masoko. Nenda ukatafute njia ya kuwatembeza kule."

Njia, kwa lugha yetu, ni mpango wa matembezi: unaanzia wapi, unasimama wapi, unasema nini, unamalizia wapi. Nilikwenda Kivinje kila siku kwa gari la abiria, nikatembea mtaa kwa mtaa nikiuliza wazee. Nilitaka kujua nyumba ipi ilikuwa ya nani, duka gani liliuza nini, nani alitokea wapi. Njia yangu ilianzia boma la Mjerumani pale ufukweni, ikapita kwenye mnara wa mashujaa wa Majimaji walionyongwa, ikaingia mtaa wa maduka ya zamani yenye milango ya nakshi, na kuishia barazani kwa Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akipika kahawa na kashata. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya zamani, na mojawapo ya chache zilizobaki na paa.

Siku moja mwanamke aitwaye Rukia alipiga simu ofisini kutoka Dar es Salaam. Baba yake, Mzee Nassor, alizaliwa Kivinje. Mama yake mzee huyo alifia kule yeye akiwa na miaka tisa, baba yake fundi cherehani akafunga mizigo, wakahamia Dar, na mzee hakurudi tena. Sasa amepita themanini, macho yamemwisha, na kila akiamka anaitaja nyumba ya mama yake.

"Nataka kumleta mwisho wa wiki," Rukia akasema. "Anataka kuishika tu. Unaweza kuitafuta, dada?"

"Kuna alama anayoikumbuka?"

Nikasikia anauliza, na sauti ya mzee ikajibu mwenyewe kwa mbali. Rukia akarudi kwenye simu. "Anasema kizingiti cha mlango wa mbele ni jiwe. Mama yake alikuwa akinolea kisu pale mpaka jiwe likabonyea kama kibakuli."

Nilikwenda kwa mjumbe wa mtaa, naye akamuuliza bibi yake mkongwe aliyekuwa kitandani. Bibi akakumbuka: nyumba ya fundi cherehani ilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni, na ilianguka zamani. Mjumbe alinipeleka. Palikuwa kiwanja kimejaa magugu mpaka kiunoni, na kisima kilichofunikwa kwa bati.

"Mawe watu walichukua wakajengea," akaniambia. "Hapa hamna kitu tena."

Nilisimama njiani nikatazama, nikaona magugu. Sikuingia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuingia, mimi niliyefundishwa kutazama siku nne nzima mpaka nione vidole vya mtu. Nadhani nilikuwa na haraka ya kuwahi gari.

Nilikusudia kumpigia Rukia nimwambie. Nikaona bora nimwambie akija, uso kwa uso. Jumamosi walifika, na Mzee Nassor akateremka garini amevaa kanzu mpya na kofia iliyodariziwa, kama mtu anayekwenda Idi. Nilimwamkia. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Twende mwanangu, unitangulie. Nakusikia unanukia Kivinje." Akacheka mwenyewe.

Tulitembea polepole, mimi, yeye na Rukia. Kila tulipopita alikuwa akisema: hapa palikuwa na mwuza halua, hapa tulikuwa tukicheza tiabu. Mara nyingine alipatia, mara nyingine alikosea mtaa mzima. Nilikuwa nikiyapanga maneno moyoni. Tulipofika barazani kwa Bi Mwanahawa nilitaka tupumzike, anywe kahawa, ndipo nimwambie. Lakini alisimama kabla sijasema neno. Aliinua uso. Bi Mwanahawa alikuwa akikaanga karanga za kashata, na harufu ilikuwa imejaa njia nzima.

"Ni hapa?" akaniuliza.

Rukia alinitazama. Bi Mwanahawa, ambaye nilikuwa nimemhadithia habari ya mzee huyo, alinitazama naye. Vidole vya mzee vikanikaza bega.

"Ni hapa, baba," nikasema.

Aliinama mpaka chini. Ilituchukua mimi na Rukia kumshika huku na huku. Akapapasa kizingiti kwa vidole, akaenda mpaka mwisho wa kulia, akarudi mpaka kushoto.

"Mbona pamekuwa sawa?"

Bi Mwanahawa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole: "Tulisakafia, mzee wangu. Watoto walikuwa wakijikwaa."

"Ahaa," akasema. "Mmefanya vizuri."

Akabusu ile saruji. Alikaa ndani kwa Bi Mwanahawa mpaka alasiri, akanywa kahawa, akaomba aonyeshwe chumba cha nyuma, na kule akalia kidogo, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Alipotoka alikuwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Aliniombea dua ndefu pale njiani, Rukia akimwandikia maoni kwenye daftari la wageni nililokuja nalo. Mimi niliitikia "amina" na kila moja ilinichoma.

Walipokwisha kuondoka nilimwambia Bi Mwanahawa, "Tumefanya nini?"

"Mtu akilia mlangoni kwako humuulizi hati ya nyumba," akanijibu. "Mzee kafurahi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba pale hapakuwa na nyumba ya kumwonyesha, kwa hiyo sikumnyima kitu. Niliishi na maneno hayo karibu mwaka mzima.

Kisha Rukia akapiga simu tena. Baba yake amefariki. Aliusia asomewe hitima katika nyumba ya mama yake, Kivinje, na wanakuja yeye na ndugu zake, watu kumi na wawili. "Mwambie yule bibi wa watu asihangaike na chakula, tutakuja nacho," akasema.

Niliweka simu chini bila kumwambia kitu. Kumdanganya mzee aliye hai, aliyenishika bega, kulikuwa jambo moja. Kuwakalisha watu kumi na wawili na misahafu yao kwenye nyumba isiyo yao, wamwombee maiti, lilikuwa jingine. Nilimweleza mume wangu, Hamisi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Masoko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaogopa kazi itakupotea?" akaniuliza.

"Namwogopa Rukia."

"Basi nenda ukamwambie huyo unayemwogopa. Kazi baadaye."

Siku walipofika niliwakaribisha pale stendi, nikamwomba Rukia tusogee pembeni. Nilimwambia yote: bibi wa mjumbe, magugu, gari nililokuwa nikiliwahi, harufu ya karanga, saruji. Sikutafuta pa kujificha. Alinisikiliza huku anazungusha pete kidoleni. Nilidhani atanipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kiwanja chenyewe kiko wapi?"

Nikampeleka. Ndugu zake walitufuata nyuma bila kujua kuna nini. Rukia aliomba panga kwa jirani, akafunga khanga kiunoni, akaingia kwenye magugu yale ambayo mimi niliyatazama kutoka njiani. Nikaingia naye, nikawa navuta kwa mikono. Tulifuata msingi, maana ukitazama kwa karibu msingi ulionekana, mstari wa mawe yaliyozama. Mahali mstari ulipokatika, Rukia aliparuza mchanga kwa mguu, kisha akapiga magoti.

Jiwe lilikuwepo. Wajenzi waliliacha, nadhani kwa uzito wake. Upande wa kulia lilikuwa limebonyea, na ndani ya bonde lile mlikuwa na udongo na mizizi. Rukia aliutoa udongo kwa vidole mpaka kibakuli kikabaki kitupu. Akaweka kiganja chake ndani. Kilienea.

"Angeweza kulishika," akasema, bila kunitazama. "Lilikuwa hapa."

Hakunitukana wala kunilaumu zaidi ya hapo, na hakuna maneno niliyopata kuambiwa katika maisha yangu yaliyo mazito kama hayo. Mzee yule alisafiri kutoka Dar na macho yasiyoona, na jiwe la mama yake lilikuwa hatua mia mbili kutoka mahali nilipombusisha saruji. Nilidhani nimempa kitu. Nilikuwa nimemnyang'anya.

Hitima ilisomwa pale pale kiwanjani. Majirani walileta mikeka, mjumbe akaleta turubai, na Bi Mwanahawa akaja na birika zake za kahawa, akakaa nyuma kabisa, uso ameuinamisha. Walipokuwa wanaondoka Rukia aliniita dirishani mwa gari.

"Baba alikufa ameridhika," akasema. "Hilo sitalisahau, Bi Somoe. Na jiwe nalo sitalisahau."

"Nimekusikia, dada."

"Basi."

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Mhifadhi nikamweleza. Alikuwa amezeeka, miwani imemshuka puani. Akafungua daftari la wageni akalitafuta jina la Mzee Nassor. Kwenye safu ya maoni Rukia alikuwa amemwandikia: "Nimefika nyumbani."

Alinigeuzia daftari nilisome. Kisha akalifunga.

"Sitakufukuza," akasema. "Lakini Kivinje hutapeleka wageni tena."

Miezi michache baadaye ikaja barua ya uhamisho kwenda Lindi mjini. Sijui kama aliiomba yeye au ilitoka juu kwa utaratibu wake. Sikuuliza, naye hakusema. Siku ya kuaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia, "Lindi nako kuna vya kutazama." Mwaka uliofuata akastaafu, na haukupita muda tukasikia amefariki kwao. Taarifa ilinifikia amekwisha kuzikwa.

Lindi nilipokelewa na Afisa Utamaduni, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyetaka kila kitu kiwe tayari jana. "Wageni wanalala hapa usiku mmoja wakielekea Mtwara," akaniambia. "Nataka walale mbili. Nipatie sababu."

Miaka ya mwanzo nilifanya kazi kwa mwili tu. Nilikuwa natembea mitaa ya Lindi huku macho yangu yanatafuta Kilwa: nikiona ukuta wa matumbawe nalinganisha, nikiona boma napima, na siku zote Lindi ikashindwa. Hamisi alibaki Masoko mpaka alipopata uhamisho naye, na kila Ijumaa nilikuwa napanda basi kumfuata. Likipita njia ya kuteremkia Kiswere, nilikuwa naanza kukaa sawa kitini kama mtu aliyeitwa jina lake. Jumapili jioni kurudi, nilikuwa nafumba macho nisione.

Lakini mji ukikaa nao hukufundisha. Nilitengeneza njia: asubuhi mitaa ya zamani ya pwani, majumba ya wafanyabiashara na boma lililoota miti ukutani, kisha pantoni kuvuka ghuba mpaka Kitunda, tukapanda juu tuutazame mji wote kutoka ng'ambo, mchana kula mchuzi wa pweza, na kama ni msimu, ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu wa Dar walidhani nawatania mpaka walipoonja. Jioni tulipanda Mtanda, mtaa wa kilimani. Wageni wakaanza kulala mbili, Mama Afisa akafurahi. Na kila kiwanja kitupu ambacho mtu alisema hamna kitu, nilikuwa naingia.

Rukia alikuja mara moja, sikukuu ya Idi, na watoto wake. Aliuliza ofisini, "Bi Somoe wa Kilwa yupo?" Niliwavusha Kitunda. Hatukutaja mambo ya Kivinje. Wakati wa kurudi, binti yake mdogo alilala mapajani mwangu kwenye pantoni, na Rukia alimwacha pale, hakumchukua.

Sasa nimestaafu. Hamisi alifia hapa Lindi na kaburi lake liko hapa, kwa hiyo nami nimebaki, nina nyumba ndogo Mtanda. Watu huniuliza kwa nini sirudi Kilwa hata kutembea, maana nikipanda basi asubuhi, adhuhuri nimefika. Nawaambia magoti. Ukweli ni kwamba sijui kwenda Kilwa kama mgeni. Nitaandikiwa kibali na mtu nisiyemjua, nitavuka, nitasimama jua likinipiga mgongoni, na mtu mwingine atanieleza upana wa chumba. Natamani mno, na ndiyo maana siendi.

Vijana wa kazi hii huwa nawasikia wakipita. Wiki iliyopita binti mmoja alipandisha wageni wa Dar kwenye mtaa wetu, watu sita, wamebeba chupa za maji. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Alisimama mbele ya nyumba yangu akawaeleza habari za Mtanda, na alieleza vizuri, kwa kituo, akawaacha waheme kwanza. Kisha akaniamkia.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa mimi ni mgeni. Kwetu Kilwa."

Wageni wakachangamka. Mwanamke mmoja akasema, "Sisi kesho tunapitia Kilwa, bibi. Tukusalimie nani?"

Nikafungua mdomo nimtaje mtu. Nikaanza kuwapitisha mmoja mmoja moyoni: Bwana Mhifadhi, mama, Bi Mwanahawa, yule mjumbe na bibi yake, wote wamekwisha kuzikwa. Wageni walikuwa wamesimama wananisubiri, na yule mwanamke alikwisha kutoa simu aandike jina.

"Nisalimieni yeyote mtakayemkuta barazani," nikamwambia.

Akaandika.